Aliyeshinda aachwe atawale kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: chama cha siasa za Kiislamu kikishinda uchaguzi wa taifa kwa kura halali, mataifa ya nje yakipokee vipi? Jibu langu ni kwamba yakipokee kama mshindi mwingine yeyote, siku hiyohiyo, kisha yakae macho. Ukali wao wauweke akiba kwa siku ambayo chama hicho, au jeshi, au rais yeyote, atalichezea sanduku la kura linalofuata. Kwa zaidi ya miaka 30 wakubwa wa dunia wamefanya kinyume chake. Kura zikihesabiwa wanapiga kelele, zikitupwa wanatafuta maneno laini.

Naandika kutoka Ujiji. Nilifundisha historia na uraia sekondari mpaka nikastaafu, na mimi ni Mwislamu. Nayasema hayo mapema ili msomaji ajue anaongea na nani.

Tuanzie Algeria. Baada ya vijana kuingia mitaani Oktoba 1988, Rais Chadli Bendjedid aliruhusu vyama vingi, na Septemba 1989 chama cha siasa za Kiislamu cha FIS kikasajiliwa, ingawa sheria ya vyama ya mwaka huohuo ilikataza chama kujengwa juu ya dini peke yake. Serikali ilikisajili ikijua. Juni 1990 FIS ikazoa halmashauri nyingi za miji. Tarehe 26 Desemba 1991, katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa bunge lenye viti 430, ikapata viti 188. Vilibaki 28 tu ishike bunge. Duru ya pili haikufika. Tarehe 11 Januari 1992 Chadli alijiuzulu kwa shinikizo la wanajeshi, kesho yake uchaguzi ukafutwa, Machi chama kikapigwa marufuku, na maelfu ya wafuasi wake wakapelekwa kambi za jangwani.

Nje walisemaje? Rais Mitterrand wa Ufaransa alisema kukatiza uchaguzi si jambo la kawaida, basi. Misaada haikukatika, na mwaka 1994 madeni ya Algeria yakapangiwa muda mpya, Shirika la Fedha la Kimataifa likiwa limekwisha kubariki. Juni 1992 Edward Djerejian wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alitoa hotuba inayonukuliwa mpaka leo, akisema nchi yake haikubaliani na wale wanaotaka mtu mmoja, kura moja, mara moja tu.

Hofu hiyo siidharau hata kidogo. Ali Belhadj, mmoja wa vinara wawili wa FIS, alitangaza hadharani kwamba demokrasia ni ukafiri. Mwanamke wa Algiers mwenye kazi yake na elimu yake alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Lakini FIS haikupata hata siku moja ya kuongoza taifa. Ilihukumiwa kwa kosa ambalo huenda ingelifanya, na hukumu yenyewe ikawa ni kulifanya kosa lilelile: kura ilipigwa mara moja, ikazimwa. Vita iliyofuata iliua zaidi ya watu 100,000. Waliopata nguvu ni wale waliokuwa wakiwabeza wenzao tangu mwanzo kwamba kupanga foleni ya kura ni kupoteza muda.

Hilo la mwisho sisi wa Kigoma tumeliona kwa macho, tena katika ugomvi ambao Uislamu haumo kabisa. Juni 1993 Burundi walipiga kura, na Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU akapata urais kwa karibu asilimia 65. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi wakamuua. Watu wakavuka kuja huku, kwa miguu na kwa mitumbwi. Nilikaa na mmoja wao pale Kibirizi, mwalimu mwenzangu, akanifungulia mfuko wa nailoni aliokuwa ameufunga kiunoni. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo cha mwanawe na kadi yake ya kupigia kura, zimegandana kwa maji ya ziwa. Akazibandua polepole kwa kucha asizichane. Wadogo zake wawili, alisema, hawakuvuka naye; walimwambia ile kadi haikuwasaidia kitu, wakaenda kutafuta bunduki. Mwaka 1994 baadhi ya watu wa FRODEBU walianzisha kundi la waasi la CNDD na kuingia msituni. Mkataba wa Arusha ulisainiwa Agosti 2000 na mapigano yakaendelea hata baada ya hapo. Gharama ya kura ile iliyotupwa ililipwa Kasulu na Kibondo, kwa misitu iliyokatwa kuni na kwa watoto waliozaliwa na kukulia kambini.

Kwa hiyo ninaposikia mtu wa Paris au Washington anasema afadhali jeshi kuliko wale wenye ndevu, namuuliza: majirani wa nchi hiyo umewauliza?

Palestina ni kesi ngumu zaidi, na sitaki kuipitia juujuu. Tarehe 25 Januari 2006, katika uchaguzi wa bunge, Hamas, chama cha siasa za Kiislamu, ilipata viti 74 kati ya 132, na Fatah, chama kilichokuwa kikitawala, 45. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuwapo, Jimmy Carter alikuwapo, na wote walisema uchaguzi ulikwenda vizuri. Siku chache baadaye Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa wakatoa masharti: serikali mpya iachane na mapigano, iitambue Israeli, ikubali mikataba iliyokwisha kusainiwa. Barazani kwetu, redio ikiwa imeegeshwa kwenye birika la kahawa, kijana muuza dagaa alinigeukia: "Mwalimu, sasa wale wasimamizi walipelekwa kufanya nini, kama jibu walikuwa nalo mfukoni?" Wazee wakaguna kumuunga mkono.

Nilimwambia, na bado nasema, kwamba sharti la kuweka silaha chini ni la haki. Hamas ilikuwa na jeshi lake, ilikuwa imetuma watu kujilipua ndani ya mabasi yaliyojaa raia, na hakuna nchi inayolazimika kumpa fedha mtu wa namna hiyo kwa sababu tu ameshinda. Anayetaka kura aje na kura peke yake. Lakini adhabu yenyewe ilimwangukia nani? Israeli ilizuia kodi inayowakusanyia Wapalestina, wafadhili wakafunga mkono, na walimu na wauguzi, wakiwamo wengi walioipigia Fatah, wakakaa miezi bila mshahara kamili. Juni 2007 Hamas na Fatah wakapigana Gaza, Hamas ikaishika. Tangu ule wa 2006, Wapalestina hawajapiga tena kura ya bunge. Hamas ina lawama, Fatah ina lawama, na waliowabana wote wawili mpaka wakashikana mashati wana lawama.

Kuna kauli naisikia sana hapa Ujiji, hasa baada ya swala ya Ijumaa, kwamba yote haya ni vita dhidi ya Uislamu. Ndugu zangu, tazameni Misri. Mohamed Morsi wa Udugu wa Kiislamu alishinda urais Juni 2012 kwa asilimia 51.7, akatolewa na jeshi tarehe 3 Julai 2013. Ni kweli Obama alikwepa kuyaita mapinduzi, maana sheria ya Marekani ingemlazimu kukata msaada, na wa jeshi la Misri peke yake ulikuwa dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Ila waliofungua pochi kwanza kuwapongeza wanajeshi walikuwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Kuwait, ambao ndani ya siku chache waliahidi dola bilioni 12. Wanaosali kama sisi. Mfalme ambaye hajawahi kupigiwa kura humwogopa Mwislamu aliyechaguliwa kuliko anavyomwogopa jenerali. Tarehe 14 Agosti mkusanyiko wa wafuasi wa Morsi kwenye uwanja wa Rabaa, Cairo, ukavunjwa kwa risasi. Human Rights Watch walihesabu waliouawa wasiopungua 817 siku hiyo.

Tunisia ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu kule chama kilifanya kila kilichodaiwa. Chama cha siasa za Kiislamu cha Ennahda kilishinda Oktoba 2011, viti 89 kati ya 217. Marekani ilipongeza, Ufaransa ikasema itakuwa macho, nayo hiyo ni haki yake. Wakaunda serikali na vyama viwili visivyo vya dini. Katika katiba ya Januari 2014 hawakuing'ang'ania sharia iwe chanzo cha sheria. Wanasiasa wawili wa upinzani walipouawa 2013 na nchi ikachafuka, waliachia serikali kwa mazungumzo. Mwaka huo wa 2014 wakashindwa uchaguzi, viti 69 kwa 86 vya Nidaa Tounes, chama kisicho cha dini, wakakubali. Kisha Julai 2021 Rais Kais Saied akalifunga bunge, na Aprili 2023 kiongozi wao Rached Ghannouchi, mzee wa zaidi ya miaka 80, akakamatwa. Julai 2023 Umoja wa Ulaya ukasaini makubaliano na Saied, ndani yake euro milioni 105 za kuzuia wahamiaji wanaovuka bahari. Kijana wa Kiislamu anayetazama haya atamwamini nani anayemhubiria uvumilivu?

Uturuki wengi wataitaja kunipinga. AKP, chama chenye mizizi ya Kiislamu, ilishinda Novemba 2002 kwa asilimia 34 tu ya kura, ikapata viti 363 kati ya 550 kwa sababu chama kisichofika asilimia 10 hakikupata kiti, na Bush akampokea kiongozi wake Erdoğan Ikulu ya Marekani hata kabla hajawa waziri mkuu. Leo wapinzani na waandishi wa habari wako jela. Mimi naona kumpokea halikuwa kosa. Kosa ni unyamavu uliokuja baadaye, alipoanza kuwafunga.

Mtu ataniambia: wewe unatetea nini, wakati Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 ya kwetu haisajili chama cha dini? Naiunga mkono sheria hiyo. Ila tuliitunga wenyewe, na hata kabla yake wapiga kura walikwisha kusema. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati TANU imetoka kwenye mkutano wake wa Tabora wa 1958 ikiwa imekubali kuingia kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, kulikuwa na chama cha Waislamu, AMNUT. Kiliomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waliokikataa kwa sauti kubwa ni Waislamu wenyewe wa TANU, na kikafifia bila gavana kukigusa. Morocco ni hivyohivyo: chama cha Kiislamu cha PJD kilikuwa na viti 125 mwaka 2016, kikabaki na 13 mwaka 2021. Mpiga kura akiachiwa nafasi ya pili, anajua kupunguza.

Sasa kwa nchi yetu. Umoja wa Afrika uliisimamisha Misri tarehe 5 Julai 2013, siku mbili tu baada ya Morsi kutolewa, wakati Washington na Brussels wanatafuta maneno. Nilijivunia sana. Juni 2014 ukairudisha, Jenerali Abdel Fattah el-Sisi, aliyeongoza kumtoa Morsi, akiwa ameshavua magwanda na kujichaguza, ingawa ibara ya 25 ya Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala wa 2007 inakataza aliyepindua kugombea katika uchaguzi wa kurejesha utaratibu. Hapo ndipo ningependa balozi wetu wa Addis Ababa asimame na kuisoma ibara hiyo kwa sauti, neno kwa neno, awe aliyepinduliwa ni Mwislamu, Mkristo au asiye na dini.