Kabla ya kutafuta mfadhili, tafuta namba za simu za wahitimu wako

Asasi yetu iko Morogoro. Tunafundisha ushonaji na uchomeleaji kwa vijana walioishia darasa la saba au walioacha sekondari njiani. Miaka michache iliyopita niliandika andiko la mradi la kurasa 30, mfadhili akavutiwa, akamtuma afisa miradi wake aje kutuona. Alizunguka karakana, akasalimiana na mafundi, kisha akakaa nami kwenye benchi chini ya mwembe akaniuliza: "Dada, wale vijana 34 wa mwaka jana wako wapi leo?"

Nikamtolea picha za mahafali. Alizitazama zote kwa heshima, moja moja, kisha akarudia swali lake. Sikuwa na jibu. Ruzuku hatukupata, na hadi leo naona alikuwa na haki ya kutunyima.

Wiki ile ile tulianza daftari. Kila kijana anayejiunga tunaandika namba yake, ya mzazi au mlezi, na ya jirani mmoja, kwa sababu vijana hubadilisha laini kila mara na namba ya mama ndiyo inayodumu. Baada ya kuhitimu tunapiga simu ikitimia miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Maswali ni matatu: unafanya kazi gani, wiki iliyopita uliingiza shilingi ngapi, na vifaa unavyotumia ni vya nani.

Swali hilo la tatu ndilo lililotufumbua macho. Wachomeleaji wengi walikuwa wamepata vibarua kwenye karakana za mjini, kwa kuwa mashine ni ya tajiri na kijana huja na mikono yake. Mabinti wa ushonaji walikuwa nyumbani. Kushona wanajua, cherehani hawana. Tulikuwa tunawafundisha vizuri kabisa halafu tunawarudisha mikono mitupu. Andiko lililofuata tukapunguza idadi ya wanafunzi, na fedha iliyobaki tukaielekeza kwenye cherehani, kila mhitimu akikopeshwa ya kwake na kulipa kidogo kidogo. Lilikuwa na kurasa 12 tu, na lilipita.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoniuliza fedha ziko wapi, nitawaambia ninayoyajua, lakini daftari litangulie.

Karibu na nyumbani kuna Foundation for Civil Society, ambayo imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini kwa zaidi ya miaka 20. Uzuri wao ni kwamba ukipata ruzuku yao unajifunza pia kuisimamia, na asasi changa inahitaji hilo sawa na fedha yenyewe. Halafu kuna balozi. Ubalozi wa Japani una ruzuku ya miradi ya ngazi ya jamii, inayoelekezwa zaidi kwenye majengo na vifaa. Ukiweka mishahara humo umekosea mlango. Kanada ina mfuko wake wa miradi midogo inayobuniwa na wenyeji. Soma wito wa mwaka husika kwa makini uone wametaja vipaumbele gani; usiwapelekee andiko la mwaka jana lililobadilishwa jalada.

Upande wa serikali watu wengi hawaelewi mfumo, nao ndio wenye fedha ya kudumu. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake inarudi kwenye mafunzo ya ufundi. Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi huwalipia vijana mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kwa vitendo kazini, kupitia vyuo na vituo vya mafunzo. Kama kituo chako hakijasajiliwa, hutazamwi. Usajili wa vituo vya ufundi stadi siku hizi uko NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, siyo VETA, mamlaka ya ufundi stadi, kama zamani, na nimekutana na watu waliopoteza miezi wakifuatilia ofisi isiyohusika. Kama huna uwezo wa kufikia viwango vya usajili, ingia ubia na chuo kilichosajiliwa: wao wafundishe, wewe ulete vijana na uwafuatilie baadaye. Vyuo vingi havina daftari kama lako.

Kuna pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Ni mkopo usio na riba, na hupewa vikundi, siyo asasi. Usiiombe wewe. Wasaidie wahitimu wako waunde kikundi, wafungue akaunti, na umzoee afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema, kabla ya kumpelekea shida. Kwa mitaji midogo ya vijana na wanawake, angalia pia iMbeju, programu ya CRDB Bank Foundation.

Nisisitize jambo moja kwa uchungu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imefungwa. Asasi ya rafiki yangu, iliyotegemea mradi mmoja tu wa aina hiyo, ilifunga ofisi huku vijana wakiwa katikati ya kozi. Niliwapokea wanane. Walikuja na sare zao za zamani na vyeti vya nusu muhula. Tangu hapo bodi yetu imeweka kanuni kwamba hakuna mfadhili mmoja atakayebeba zaidi ya theluthi ya bajeti, hata akija na nia njema kiasi gani.

Karatasi nazo ziwe tayari kabla dirisha la maombi halijafunguliwa: cheti, ada ya mwaka kwa Msajili wa NGO, taarifa ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa. Kwa kanuni za mwaka 2018, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Na usidhani usajili wa NGO unakupa moja kwa moja hadhi ya taasisi ya hisani kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Hiyo inaombwa peke yake.

Mwisho, usione haya kuandika gharama za uendeshaji. Miaka mingi nilizificha, nikilipa umeme kwa fedha ya nyuzi na welding rodi. Sasa bajeti yetu ina mstari unaosomeka "ufuatiliaji wa wahitimu": vocha za simu na posho ya dada anayepiga simu hizo kila Jumamosi asubuhi. Mfadhili mmoja mwaka jana aliuuliza mstari huo ni wa nini. Nikamfungulia daftari.