Kadi ya grafiki kwa bajeti ndogo: anza na pawa saplai

Mdogo wangu, unauliza kama kwa shilingi 15,000 uchukue kadi ya grafiki ya RX 580 ya mtumba uitie kwenye kompyuta yako ya ofisini, ile nyembamba. Hapana, tafadhali. RX 580 hula wati 185 peke yake, na pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) za mashine hizo nyingi hazifiki 300, tena hazina hata waya wa kuchomeka kwenye kadi. Niliwahi kulazimisha; mchezo ulipokolea tu, mashine ikazimika.

Tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi isiyo na tundu la umeme: hiyo hutosheka na wati 75 za ubao mama, ule ubao mkuu inapochomekwa. Hakikisha ina kile kibati kifupi cha nyuma, la sivyo kasha halitafunga. Memori ni GB 4, kwa hiyo michezo mipya utaipunguzia ubora wa picha.

Ukishuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, usinunue kadi iliyo ndani ya nailoni. Muuzaji aichomeke, mchezo uende robo saa, nawe usikilize feni. Vidoa vya rangi vikirukaruka kwenye skrini, mrudishie. Skrubu zikiwa zimekwaruzwa, ilishafunguliwa. Uliza kwa nini. Na siku za waranti ziandikwe kwenye risiti.