Kuhusu paa la Kirkstall

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unauliza kwa nini watu wa Leeds, huko Uingereza, hawaliezeki upya lile kanisa la Kirkstall Abbey, monasteri ya kale iliyobaki gofu, na kuta bado zimesimama. Mimi nauliza kwanza nani aliliezua. Jengo huanza kufa paani. Nimekuambia hivyo tangu ukinishikia uzi wa uashi.

Watawa walianza kujenga mwaka 1152, na kufikia 1182 sehemu kubwa ilikuwa tayari. Mwaka 1539 mfalme Henry VIII akawafungia nyumba yao. Mabamba ya madini ya risasi yaliyofunika paa yakabanduliwa, mvua ikafanya yaliyobaki. Mwaka 1779 sehemu kubwa ya mnara ikaporomoka. Siku ile uliponipeleka, mama yako alinivuta mkono mara ngapi tuondoke? Nilikuwa natazama matao. Ya chini yamechongoka, madirisha ya juu ni ya mviringo: mafundi walikuwa wanajifunza mtindo mpya ukutani hapohapo! Na pale pembeni dari la mawe lilipobaki, ukuta umepumzika.

Kanisa la babu yako halikupata bahati hiyo. Kamati ilitaka jipya, ikaanza kwa kung'oa bati masika yakikaribia, hata fedha haijapatikana. Babu alikaa barazani akisikiliza misumari ikitoka, moja baada ya nyingine. Hakusema neno. Mvua zikanyesha, chokaa ikavimba, kona zikapasuka, kisha wakatuambia, "Mnaona? Lilikuwa bovu." Lilikuwa bovu! Mawe yale ya kona aliyachonga kwa mkono wake. Hadi leo nikipita pale nageuza uso.

Kwa hiyo waezeke? Siku ile ningesema hata kesho asubuhi. Lakini kuta za Kirkstall hazijabeba kenchi kwa karibu miaka 500. Ukizitwika mzigo wa upana ule, msingi utakubali? Halafu Kanali North, tajiri aliyelinunua, alilikabidhi kwa mji mwaka 1889 likiwa gofu, na kama gofu limetunzwa. Ila jengo huanza kufa paani, mwanangu, na wale waliobandua risasi ile walijua wanachofanya.

Ulimi unaniwasha, lakini sitoi hukumu nikiwa mbali. Ukipita tena baada ya mvua, tazama vichwa vya kuta kama vimezibwa vizuri, au maji yanashuka katikati ya mawe. Niandikie ulichoona.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako