Mkuu, kabla ya kununua dawa fundisha macho: wadudu wanaotoboa miche kitaluni

Mkuu umeuliza: una kitalu Goba, miembe na miparachichi, vijana watano, na sasa ncha za miche zinanyauka moja moja wakati udongo una maji. Unataka kujua uwafundishe nini kuhusu hawa wadudu wageni wanaotoboa miti, na upulize dawa gani. La dawa nitalifikia, ila halitakusaidia kama unavyodhani.

Waanze na mbawakawa mweusi wa vijitawi, Xylosandrus compactus. Asili yake ni Asia, na Afrika Mashariki amejulikana zaidi kwa kuumiza mibuni ya Uganda, lakini anaingia kwenye aina zaidi ya 200 za mimea, miparachichi na miembe ikiwemo. Jike hafiki hata milimita 2. Tundu lake ni la milimita 0.8 hivi, kama limechomwa na sindano, na mara nyingi liko upande wa chini wa kijitawi. Kijana anayekagua miche akiwa amesimama hataliona kamwe. Lazima achuchumae, ashike shina na kuligeuza.

Jambo la pili wanalopaswa kulielewa vizuri ni kwamba mdudu huyu hali mti. Anaingia na ukungu wake (kuvu), anauotesha kwenye kuta za tundu, na watoto wanakula ukungu huo. Ndiyo maana dawa ya kunyonywa na mmea inamgusa kidogo sana, na ya kupuliza haimfikii akishaingia. Dawa ya kupuliza ina maana pale tu majike yanaporuka kutafuta mche mpya, ikiwa imepakwa kwenye shina kabla hayajatoboa. Na iwe iliyosajiliwa kwa kazi hiyo na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Sasa zoezi lenyewe. Chukua miche 20 mizima, mitatu itoboe kwa sindano nyembamba upande wa chini wa tawi, ichanganye, kisha mwambie kila mmoja aitafute kwa dakika 10. Wengi wataikosa mara ya kwanza. Rudia kila Jumatatu mpaka waipate yote. Wakishaweza, wape kisu wapasue kijitawi kilichonyauka kwa urefu: wataona njia fupi yenye kuta nyeusi au za kahawia, pengine na mayai au funza weupe. Wakikuta udongo uliosiribwa juu ya gome, huo ni mchwa, na tiba yake ni nyingine. Wakikuta vijiti vya unga wa mbao vimechomoza kwenye shina kama njiti za kuchokolea meno, huyo ni ndugu mkubwa kidogo wa mbawakawa wetu, Xylosandrus crassiusculus. Vijiti hivyo hudondoka kwa mvua au mpira wa maji, kwa hiyo ukaguzi ufanyike asubuhi kabla ya kumwagilia.

Kumwagilia ndiko wengi wanakoharibu. Mche uliozama maji mizizi inakosa hewa, unatoa ethanoli (aina ya kileo), na harufu hiyo ndiyo inayowaita hawa mbawakawa. Msimu wa masika hapa Dar, viriba vilivyopangwa juu ya turubai lisilopitisha maji ni mwaliko. Weka kokoto chini, hakikisha matundu ya kiriba hayajaziba, na mfundishe kijana kunyanyua kiriba kabla ya kumwagilia: kikiwa kizito, apite.

Harufu hiyohiyo itumie kwa mtego. Chupa ya lita 1.5, ikate madirisha mawili ubavuni, weka maji yenye sabuni chini, ning'iniza ndani kichupa kilicho wazi chenye spiriti ya ethanoli. Soma lebo, maana baadhi ya spiriti na vitakasa mikono vina isopropanoli, ambayo si ethanoli. Ufunge usawa wa kiuno, pembezoni mwa kitalu. Ukiuweka katikati ya miche unawaleta nyumbani. Mtego hauwamalizi, unakuambia tu wameanza kuruka. Hesabu kila wiki, andika.

Mche wenye tundu kwenye shina kuu, ng'oa. Wenye tundu tawini, kata sentimita 10 chini ya tundu, futa mkasi kwa spiriti, choma mabaki siku hiyohiyo. Lundo la matawi nyuma ya banda litaendelea kutoa wadudu. Na miche unayonunua kwingine itenge wiki 6, kwa sababu kutoka yai hadi mdudu kamili ni kama siku 28.

Waoneshe pia picha za mwenzao mbaya zaidi, Euwallacea fornicatus, aliyetambuliwa Afrika Kusini mwaka 2017. Huyo hutoboa shina na matawi makubwa ya miti mizima, na ukungu wake aina ya Fusarium unaua mti. Husafiri ndani ya kuni na miche, kwa hiyo kuni za kuchemshia chai zisihifadhiwe kitaluni. Wakishuku, wachukue picha pamoja na sarafu, waweke wadudu kwenye kichupa cha spiriti, na umwite afisa ugani au TPHPA. Usiubebe mche mzima kwenye bodaboda kuvuka mji.

La mwisho ni lako wewe tajiri. Ukimkata kijana mshahara kwa mche uliokufa, kesho atauficha nyuma ya mingine au atauuza. Anayeleta tundu la kwanza mpe chochote, hata elfu mbili, mbele ya wenzake.