Kinga yangu imeshuka, au imezidi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Mbagala. Nimeharisha damu miezi minane na kutibiwa amiba mara tatu. Mwishowe nikapimwa kwa kamera, nikaambiwa nina vidonda vya utumbo mpana na kwamba kinga yangu ndiyo inayoushambulia. Nimeanzishiwa prednisoloni, nasikia inashusha kinga. Mama naye ananinywesha mlonge ili ipande. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Kinga yako haijashuka. Na huu si UKIMWI, nalisema mapema kwa sababu nawajua majirani.

Utumbo mpana una bakteria matrilioni, na kinga huishi nao kwa amani. Kinachowatenga na mwili ni ute na safu moja tu ya seli. Kwako amani hiyo imevunjika: chembe nyeupe za damu, yaani askari wa kinga, zinawaona wapangaji wa siku zote kuwa wezi. Zinamwaga kemikali za kuitana, mojawapo ikiitwa TNF. Zikifika nyingi zinajeruhi ukuta wenyewe, bakteria wanapenya kwenye vidonda, na mwito unapigwa upya. Ndiyo maana damu haikomi hata kama hakuna amiba. Urithi unachangia, mazingira pia. Si kosa la chakula ulichokula siku fulani.

Prednisoloni huituliza kinga hiyo haraka, lakini si ya kukaa nayo: hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa. Hata hivyo usiikatishe ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Baadaye huja dawa nyingine: mesalazini, au azathioprini, au infliximab inayoikamata TNF yenyewe. Hii ya mwisho ina mtego mkubwa kwa watu wa huku kwetu. TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuvifungia vimelea vya TB vilivyolala mwilini. Ukiiondoa, vinaweza kuamka. Kwa hiyo TB hutafutwa kwanza, kwa maswali, picha ya kifua na kipimo cha ngozi au damu.

Amiba nayo usiisahau. Prednisoloni ikimkuta mgonjwa ana amiba hai utumboni, utumbo unaweza kutoboka. Muulize daktari wako kama choo, na kinyama kilichokatwa wakati wa kamera, vilichunguzwa kwa ajili yake. Ukipata homa au tumbo likijaa na kuuma sana, nenda hospitali usiku huohuo.

Mlonge ukiwa mboga mezani sina ugomvi nao. Ukinywewa ili kupandisha kinga, nia yenyewe ndiyo imekosea njia. Mwambie mama kwa upole, na daktari wako mtajie kila unachokunywa.