Unaweza Kuamini Peke Yako, Lakini Nani Atakuuliza?

Vijana huniuliza mara kwa mara, na siku hizi hata watu wazima waliowahi kuwa wazee wa kanisa wananiuliza: je, ni lazima niwe na kanisa ndipo niwe Mkristo? Wanaouliza hawafanyi mzaha. Wanasali, wanafunga, wanasoma Neno kuliko wengi wanaokaa viti vya mbele. Wamechoshwa na bahasha, na michango ya ujenzi isiyo na mwisho, na uchaguzi wa viongozi wa kanisa unaopigiwa kampeni kama ubunge, na habari za watumishi wanaoburutana mahakamani kwa sababu ya viwanja.

Siwezi kuwajibu kwa kuwatisha na jehanamu. Nawaambia nilichokiona mwenyewe. Imani inaweza kukaa nje ya kanisa kwa muda, na isife. Lakini haikai salama muda mrefu bila watu wenye haki ya kukuuliza maswali, na kanisa lenyewe nalipima kwa kipimo hicho hicho: viongozi wake wanaulizika?

Nilikuwa msharika wa usharika mmoja wa Kilutheri Dar es Salaam. Tulikuwa tunajenga. Kila Jumapili, kwenye matangazo, yalisomwa majina ya waliotimiza ahadi zao, kisha wakatajwa “wanaosuasua”. Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza maandazi, aliacha kuja kanisani kwa sababu ya aibu ile. Kwenye mkutano mkuu wa usharika nikasimama, nikaomba tusomewe matumizi ya fedha za ujenzi. Sikumtuhumu mtu. Nikajibiwa kwa andiko: msiwaguse masihi wangu, yaani watiwa mafuta wa Mungu. Watu wakapiga makofi, kikao kikahamia ajenda nyingine.

Niliondoka, na sijutii kuondoka. Zaburi ya 105 inapotamka maneno yale inawazungumzia Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hili kwenda lile bila mtu wa kuwatetea. Andiko la kuwalinda wanyonge liligeuzwa kuwa ngao ya kamati ya ujenzi. Mtu akikuambia ulipaswa kuvumilia mambo ya namna hiyo kwa sababu “kanisa ni la Mungu”, mkumbushe kwamba Yesu mwenyewe alizipindua meza hekaluni, na hekalu nalo lilikuwa la Mungu.

Miezi ya kwanza nyumbani ilikuwa mizuri kweli. Nilisoma Injili zote nne mfululizo, bila kukatwakatwa na kalenda ya masomo, na kuna mambo niliyaelewa siku zile ambayo sikuwahi kuyaelewa tangu kipaimara. Sala yangu ilipungua maneno. Kwa hiyo kijana anayeniambia kwamba amekutana na Mungu chumbani kwake, nje ya jengo lolote, namwamini. Yesu alisema tuingie chumbani, tufunge mlango, tumwombe Baba aliye sirini.

Baadaye nilianza kuona upande mwingine. Mahubiri nilikuwa nayasikiliza kwenye simu, na mhubiri akigusa panaponiuma, nilimzima nikamtafuta mwingine. Baada ya muda nikawa nimebaki na wahubiri wanaofikiri kama mimi tu. Sadaka nilitoa nilipojisikia. Na wakati wote huo nilikuwa sisemezani na kaka yangu kwa ajili ya kibanja alichotuachia baba kule Bukoba. Nilisali kila asubuhi na moyo wangu haukunisuta hata kidogo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia kwamba ibada ile ina kasoro. Mathayo 5 inasema ukiwa unatoa sadaka yako madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale, nenda kwanza ukapatane naye. Nilikuwa naisoma sura hiyo. Nilikuwa naipita.

Aliyenikamata ni mzee wa jumuiya yetu ya zamani. Alikuja nyumbani jioni moja, akakaribishwa chai, akaikataa mpaka nimpigie kaka simu mbele yake. Hatukuwa marafiki, na katika ile hoja ya fedha alikuwa upande wa waliopiga makofi. Nilipomuuliza imekuwaje amenifuata, alisema jina langu bado liko kwenye daftari lake, na walio kwenye daftari lake ataulizwa habari zao. Nimelifikiria daftari lile kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Ni karatasi, ni utaratibu, ni “dini” kwa maana ile ile tunayoilalamikia. Bila hilo yule mzee asingekuwa na sababu ya kuvuka barabara kuja kwangu.

Watu hupenda kusema kanisa la kwanza halikuwa na taasisi, walikuwa wanakutana nyumbani tu kwa upendo. Someni Matendo 6 taratibu. Walikutana nyumbani, ndiyo, na upendo ulikuwepo, lakini wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Yakatokea manung'uniko. Mitume hawakusema msiwaguse watiwa mafuta. Waliita kusanyiko lote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, na majina ya hao saba yote ni ya Kiyunani, ishara kwamba kazi walikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Kile ni cheo cha kwanza ambacho kanisa lilikiunda baada ya Pentekoste, na kilizaliwa kwa sababu wanyonge walilalamika wakasikilizwa. Paulo naye, alipochangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Kwenye 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba ametuma watu wengine pamoja na Tito, waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha ile. Mtume mzima alitaka kukaguliwa!

Sasa, hatari iko pande zote mbili, na hapa nawaomba msinisome haraka.

Upande mmoja kuna Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye msitu ule, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, wakiwemo watoto wengi. Kabla yake ilikuwa Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kikundi cha dini kilichongoja mwisho wa dunia waliteketea kwa moto. Wapo walioingia huko wakiwa wamechoka na makanisa makubwa kama unavyochoka wewe. Walitafuta imani safi, isiyo na urasimu, wakaangukia mikononi mwa watu wasio na askofu, wala sinodi, wala mkutano wa washarika, wala hata mzee mmoja wa kusema “hapana, mchungaji, hapo umepotoka”. Kukimbia taasisi hakukuondoi chini ya mamlaka ya mtu. Mara nyingi kunakupeleka chini ya mtu mmoja.

Upande wa pili kuna Nyange, Rwanda. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia hiyo, likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa hapa kwetu Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda, na mwaka 2008 rufaa ikaishia kwa kifungo cha maisha. Kanisa lake lilikuwa na kila ngazi ya uongozi mtu anayoweza kuitaja. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba cheti cha usajili na kanzu vinatosha kutulinda.

Katikati ya hatari hizo mbili kuna watu ambao mimi nimelelewa nao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Uamsho, wale ambao Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, ukafika Kenya, ukafika na kwetu Bukoba. Waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, waziwazi, na jambo hilo waliliita kutembea nuruni. Hawakuwaogopa wakubwa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kwenye chuo cha theolojia cha Bishop Tucker kule Mukono, Uganda, William Nagenda, ambaye baadaye alikuwa mhubiri mashuhuri wa Uamsho, akiwa mmoja wao, kwa sababu walikataa kuacha ibada zao za alfajiri na mahubiri yao ya kukemea dhambi chuoni. Wangeweza kuanzisha dhehebu lao kesho yake, na watu wangewafuata. Uamsho kwa sehemu kubwa ulibaki ndani ya Anglikana na Lutheri, ukikutana pembeni kila wiki, ukirudi kanisani Jumapili. Bibi alikuwa anakaa kwenye benchi akimsikiliza mchungaji, kisha jioni yeye Bibi akamfuata mchungaji huyo nyumbani kumwambia kwamba amemkosea mke wake. Mchungaji yule alimsikiliza. Kwangu mimi huo ndio Ukristo uliokamilika: kikundi kidogo kinachokujua, ndani ya kanisa kubwa lenye kumbukumbu, na maswali yanayokwenda juu na chini.

Wakatoliki wanalo jambo hili kwa namna yao. Maaskofu wa Afrika Mashariki kupitia umoja wao, AMECEA, walizichagua Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji miaka ya 1970, na nani asiyeona leo kwamba jumuiya ya nyumba kwa nyumba ndiyo inayojua nani anaumwa na nani hana kodi? Inaniuma sana jumuiya hizo hizo, kwao na kwetu, zinapogeuzwa kuwa ofisi ya kukusanya michango, na zaidi sana marehemu anaponyimwa maziko ya kanisa kwa sababu daftari linaonyesha madeni. Daftari limewekwa ili umfuate mtu akiwa hai. Kiongozi anayelifungua siku ya msiba, wakati hakulifungua mtu alipokuwa mgonjwa, ameiacha kazi aliyopewa.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Kama umeumizwa, usitoke kimyakimya. Andika barua, eleza kwa nini, mpe mzee wa kanisa, baki na nakala. Huenda isijibiwe, lakini anayekuja nyuma yako na lalamiko kama hilo hataambiwa ni wa kwanza. Ukihamia usharika mwingine, chukua barua ya utambulisho kama huna ugomvi nayo. Ukiamua kupumzika, pumzika, ila kabla hujazima simu mchague mtu mmoja anayemcha Mungu na asiyekuogopa, mpe ruhusa ya kukuuliza habari za ndoa yako, fedha zako na ugomvi wako. Asiwe mtu anayekutegemea kwa chochote. Sadaka usiache kutoa. Ipeleke kwa mgonjwa au kwa ada ya mtoto wa jirani, maana mkono uliozoea kufumba ni kazi kuufumbua tena.

Unapotafuta kanisa jipya usianze na kwaya wala ukubwa wa spika. Uliza mapato na matumizi husomwa lini, na husomwa mbele ya nani. Uliza mchungaji akikosea anapelekwa wapi, na kama yuko mtu anayeweza kumhamisha. Ukiambiwa “yeye anawajibika kwa Mungu tu”, chukua watoto wako uondoke siku hiyo hiyo. Mtazame maskini wa kanisa hilo: anakaa wapi, nani anamsalimia kwa jina, jina lake linatajwa kwenye matangazo kwa sababu gani. Na kaa ukijua hutapata usharika usio na dosari. Wakorintho walikuwa na makundi, walishtakiana mahakamani, wengine walilewa kwenye meza ya Bwana huku wenzao wana njaa. Paulo aliwakemea kwa barua ndefu, akaendelea kuwaita kanisa la Mungu.

Sisemi haya kwa mwenye udhuru. Kuna dada zetu wanaofanya kazi za ndani Saudia, nchi isiyo na jengo hata moja la kanisa, wengine hawapewi hata siku ya kupumzika. Kwenu maneno ya Mathayo 18, kwamba walipo wawili watatu kwa jina lake naye yupo katikati yao, hayana masharti ya benchi wala cheti. Mkiwa wawili wa kuombeana kwa simu usiku, mna kanisa. Ulizaneni tu hali kwa kweli.

Na wewe uliyekaa nje muda mrefu na sasa unasita kurudi, anzia jumuiya, usianzie ibada kubwa ya Jumapili. Ni nyumba ya mtu, ni watu kumi au kumi na tano, asubuhi na mapema, utapewa mstari usome. Watakuuliza ulikuwa wapi. Wajibu ukweli kwa ufupi, hata kama ukweli wenyewe ni “mlinikwaza”, kisha uwaulize na wao: mama muuza maandazi yuko wapi, na nani alimfuata?