Kitunguu saumu ni ndugu wa nani?

Umeuliza kwa nini wanaochunguza ukoo wa vitunguu wanashika DNA (maandishi ya urithi) ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya seli za majani, badala ya DNA yote. Ndugu yangu, DNA ya kwenye kiini cha seli ya kitunguu maji ni mzigo: herufi kama bilioni 16, nyingi zinajirudiarudia tu. Ya kloroplasti ni 153,000 na ushei, hubadilika polepole, na hurithiwa kwa mama. Ukilinganisha DNA za kloroplasti za vitunguu mbalimbali, saumu inaangukia upande wa liki (kitunguu chenye shina refu jeupe), si wa kitunguu maji. Hata shambani utaona: majani ya saumu na liki ni bapa, ya kitunguu maji ni mrija, ndani mtupu. Ila mmea ukiwa chotara, rudi kwenye kiini, maana kloroplasti haimtaji baba.